Kitabu Ndani ya Pubeli: Filme Mbili za Top Gun na Kikosi Chenye Zilisahau



Jumamosi moja ya mwezi uliopita tulikusanyika, wakubwa na wadogo wa chama, kuangalia filme. Projekta ya kuazima, shuka nyeupe ukutani, na jenereta ya jirani inapiga kelele kuliko ndege zenyewe. Wengi walitaka Top Gun: Maverick ya 2022. Kwa sababu wadogo wengi hawakuwa wameona ile ya kwanza ya 1986, tulianza nayo. Filme mbili mfululizo, mpaka saa sita ya usiku.

Kuna fasi moja watu wote walipiga makofi. Maverick, mwenye sasa amezeeka na amekuwa mwalimu, anasimama mbele ya marubani vijana. Ananyanyua kitabu kinene cha maelezo ya ndege, anawaambia kwamba adui naye anakijua chote, halafu anakitupa ndani ya pubeli. Paf! Mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama akapiga kelele: "Njo vile! Silabu zote kwa pubeli!" Tulicheka bana. Mimi pia nilicheka, lakini mikono yangu haikupiga makofi. Tangu usiku ule niko najiuliza juu ya nini. Andiko hili njo jibu langu.

Kwa ufupi: filme hizi mbili zimetengenezwa vizuri sana, na nimezifurahia. Lakini zimechukua historia ya shule moja ya kweli na kuigeuza kichwa chini. Shule ile ilizaliwa siku watu walikubali kuandika makosa yao na kuyasoma. Filme zinatuambia kwamba mwenye kipaji anaweza kuruka hatua ile. Kwa siye wenye diploma mpya mukononi, hiyo si mambo ya sinema tu.

Tuanze na kikosi chenyewe, maana katika filme zote mbili sikusikia jina lake hata mara moja. Kiliitwa VF-121, jina la utani Pacemakers, na kilikaa Miramar, karibu na San Diego, California. Kilikuwa kikosi cha jeshi la majini la Marekani, lakini kazi yake haikuwa kwenda vitani. Kazi yake ilikuwa kufundisha. Rubani alipomaliza shule ya kuruka na kuvalishwa mabawa kifuani, bado hakuijua ndege yenye atapigana nayo. Alipelekwa kwanza katika kikosi cha namna hii, akaijifunza ndege ile moja mpaka kutua nayo juu ya meli usiku, ndipo akatumwa katika kikosi cha vita. Kwa lugha yetu: mabawa yalikuwa diploma, VF-121 njo ilikuwa staji. Kutoka mwanzo wa miaka ya 1960, kikosi hiki kilifundisha F-4 Phantom kwa ajili ya meli za upande wa Pasifiki.

Phantom ilichukua watu wawili: rubani mbele, na nyuma yake afisa wa rada. Ilikimbia mara mbili ya mwendo wa sauti. Ilibeba makombora ya Sparrow, yenye kuongozwa na rada, na Sidewinder, yenye kufuata joto la injini. Lakini Phantom ya jeshi la majini haikuwa na mzinga wa ndani. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuamini kwamba mambo ya ndege kuzungukana karibu karibu yamepitwa na wakati. Kombora litamaliza kazi kutoka mbali. Mnamo 1960 walifunga hata kikosi cha El Centro chenye kilikuwa kinafundisha kupiga mizinga hewani. Basi VF-121 ilifundisha vizuri kile kilikuwa kwenye programu: kutafuta kwa rada ndege kubwa ya mabomu na kuipiga ingali mbali na meli. Walimu wake hawakuwa wavivu hata kidogo. Programu tu ilijibu swali lenye mtihani haukuja kuuliza.

Mtihani ulikuja Vietnam, kutoka 1965. Kule adui alikuwa MiG-17, ndege ndogo, ya zamani, ya polepole, lakini yenye kukata kona vikali na yenye mizinga. Tena, mara nyingi sheria za vita zilimlazimisha rubani wa Marekani kumtambua adui kwa macho kabla ya kupiga. Maana yake, kombora lenye lilitengenezwa kwa kupiga mbali lilitumiwa karibu, katikati ya mzunguko, na watu wenye hawakufundishwa mzunguko ule. Kutoka 1965 mpaka 1968, Wamarekani wa majini na wa anga kwa jumla walirusha karibu makombora 600. Nafasi ya kombora moja kufanikiwa ilikuwa kama moja kwa kumi.

Hapa njo historia inaanza kunipendeza. Jeshi lenye nguvu vile lingeweza kutafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Mnamo 1968 walimpa kazi Kapiteni Frank Ault, mwenye alikuwa ameongoza meli ya kubeba ndege Coral Sea, achunguze kitu gani kimeharibika. Ripoti yake ilitoka mwanzo wa 1969, na mapendekezo 242. Ault aligawanya kazi kwa maswali matano. Je, kiwanda kinatoa kitu kizuri? Je, wenye kusafirisha na kutunza wanakifikisha meli kingali kizuri? Je, meli na kikosi wanakitayarisha inavyotakiwa? Je, wenye kuruka wanakijua na kukitumia mpaka mwisho wa uwezo wake? Na je, wenye kukarabati wanakirudisha kikiwa kizuri? Kila mmoja alikuta sehemu yake ya kosa, kutoka mfanyakazi wa kiwandani mpaka rubani mwenye nyota ya sifa. Ninawaomba wenzangu wa TFC na wa memwari muangalie mpango ule. Ni ukosoaji wenye hauachi mtu pembeni, na hautukani mtu.

Pendekezo moja kati ya yale lilikuwa kuanzisha shule ya juu ya mapigano ya ndege pale Miramar. Kazi ikaangukia VF-121. Mnamo Machi 1969 mwalimu mmoja wa kikosi, Dan Pedersen, alianza pamoja na wenzake wanane, wote vijana. Hawakupewa jengo. Hawakupewa ndege zao wenyewe. Walipata trela moja kuukuu, wakaiweka karibu na hangari, wakaifanya darasa. Ndege walikuwa wanaazima. Njo pale Topgun ilizaliwa: ndani ya kikosi cha mafunzo, kama mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi kwa sababu nyumba ni ndogo.

Walifundisha nini katika zile wiki nne? Kwanza, walikataa kupigana Phantom kwa Phantom, kwa sababu vitani hakuna mtu atakayekutana na ndege kama yake. Mwalimu alipanda A-4 Skyhawk, ndogo na nyepesi, akacheza kama MiG-17. Hawakubahatisha: katika 1968 na 1969 Wamarekani walikuwa wanajaribu kwa siri, katika jangwa la Nevada, MiG za kweli zenye walipata, na ujuzi ule ulifika kwa walimu. Pili, waliwafundisha kutumia nguvu yao wenyewe. Ukimfuata MiG katika kona yake, umekwisha. Phantom ina injini mbili kubwa. Basi panda juu, wima, kule mwenzako hawezi kukufuata, kisha umshukie.

Tatu, na kwangu hili njo kubwa, walifundisha kurudi chini na kusema ukweli. Baada ya kuruka, waliketi kuhesabu kila kona: nani aliona nini, nani aliamua nini, kosa lilianzia wapi. Kikao kile kingeweza kuchukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe hewani. Mwalimu naye hakuachwa. Kila mmoja alichukua somo moja, akalijua mpaka mizizi, na kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi alilitoa kwanza mbele ya walimu wenzake, wenye walimchana bila huruma mpaka liwe sawa. Na nne: mwenye kumaliza alirudi katika kikosi chake kufundisha wengine. Hakuchaguliwa kusudi awe nyota. Alichaguliwa kusudi awe mwalimu wa kwao.

Tarehe 28 Machi 1970 Jerry Beaulier, mmoja wa waliopita pale, akiwa na Steve Barkley kwenye kiti cha nyuma, aliangusha MiG-21. Mnamo 1972 Topgun ilitengwa na VF-121, ikawa shule yenye kusimama peke yake. Kikosi mama kiliendelea kufundisha wageni wa Phantom mpaka 1980, kikafungwa. Miaka sita baadaye ikatoka filme.

Sasa turudi kwenye shuka yetu nyeupe. Filme ya Tony Scott ya 1986 inageuza shule kuwa mashindano: kuna orodha ya pointi, kuna zawadi ya mshindi, na Maverick na Iceman wanapimana kama mabondia. Katika shule ya kweli zawadi ile haiko. Walimu wa kule wanajulikana kwa kumtoza dola 5 mwenye kurudia maneno ya filme kazini. Lakini zawadi ni jambo dogo. Msanii ana haki ya kutia chumvi.

Jambo kubwa ni lile darasa la Charlie. Kumbukeni. Charlie anaonyesha mbele ya wote namna Maverick aliruka, na anaichambua: ulijihatarisha, ilikuwa mbaya. Kwa dakika mbili filme inagusa moyo wa shule. Halafu Maverick anakasirika, anapanda pikipiki yake, Charlie anamfuata na gari, na barabarani anamwambia kwamba kwa kweli aliona kipaji kikubwa katika kuruka kwake, ila hakuweza kusema vile mbele ya watu. Na wanabusu.

Muelewe kitu gani kimefanyika hapo. Ukosoaji wa darasani umekuwa uongo wa adabu, na ukweli umekuwa siri ya wapenzi wawili. Mtazamaji anatoka na somo hili: mwalimu akikukosoa mbele ya wenzako, ndani ya roho yake anakuonea wivu ao anakupenda. Shule nzima ya Miramar ilijengwa kwa kukataa jambo hilo. Tena, Charlie alichorwa kutokana na mtu wa kweli, Christine Fox, mtaalamu wa hesabu mwenye alifanya kazi Miramar, na mwenye baadaye, kutoka mwisho wa 2013 mpaka 2014, alikaimu kiti cha pili katika wizara ya ulinzi ya Marekani. Mwanamke wa namna ile, filme ilimpa kazi ya kumfariji rubani. Dada zangu wa chama waliliona hilo mbele yangu. Mmoja alisema kwa sauti: "Masomo yote ile, kusudi amalize paka pale?"

Nisiwe mtu wa kuonea. Filme ya 2022 imejaribu kurekebisha. Kuna kikao ambamo Maverick anamuuliza kila rubani juu ya nini mwenzake "alikufa" katika zoezi, na visingizio havipiti. Pale nilikaa sawa kwenye kiti. Ile iko karibu na kweli kuliko kitu chochote cha 1986. Lakini filme hiyo hiyo ilikwisha kukitupa kitabu kwa pubeli, na makofi yalipigwa pale, hayakupigwa kwenye kikao.

Kitabu kile kina historia yake. Mnamo 1954 jeshi la majini la Marekani pamoja na wanamaji wake wa nchi kavu walipoteza, kwa ajali, ndege zaidi ya 700 na watu zaidi ya 500, na hakukuwa vita siku zile. Kila kikosi kiliruka kwa namna yake. Fundi mkubwa aliondoka na siri zake kichwani. Mnamo 1961 walianzisha mpango wa NATOPS: kila ndege na kitabu chake, kila hatua imeandikwa, na mwenye kugundua kitu kipya anapendekeza kiingizwe. Wenyewe wanasema kurasa zake ziliandikwa kwa damu. Mwalimu wa kweli anaweza kusema: mukijue kitabu, halafu tuende mbele yake. Hawezi kukitupa. Adui kukijua kitabu si sababu ya wewe kutokijua.

Sasa niseme juu ya nini sikupiga makofi.

Nilisoma elektromekanika. Nilitoka na distinksio, wazazi walichinja mbuzi. Staji yangu ya kwanza ilikuwa katika kampuni moja, sitaitaja, yenye jenereta kubwa. Kitabu chake kilikuwa kwenye dirisha, kimejaa vumbi. Sikukifungua. Nilijiambia: mimi ni mtu wa injini, nitajua. Siku moja jenereta ilipata moto kupita kiasi, wakaizima, nami kwa haraka ya kuonyesha kwamba niko najua nikafungua kifuniko cha rejeta ingali ya moto. Maji na mvuke viliruka. Vilipita pembeni ya uso wangu, vikapiga ukuta. Sikuumia. Niliangalia kushoto, kuume: hakuna mtu. Nikapanguza sakafu. Nikakaa kimya.

Wiki mbili baadaye mdogo mmoja wa staji alifanya vile vile, jenereta ile ile, kifuniko kile kile. Yeye hakupata bahati yangu. Aliungua mkono na shingo. Tulipomrudisha kutoka hospitali, Papa mmoja fundi, mwenye hana diploma, aliniambia bila hasira: "Mwana, ile maji ilikuwa naungoja mutu. Hakuna mwenye aliona mbele yake?" Nikasema hapana, Papa. Nilisema hapana.

Kitabu kilisema, kwa herufi kubwa, usifungue kabla haijapoa. Nilikisoma jioni ile, kwa kuchelewa. Lakini sasa najua kwamba hata bila kitabu, dakika kumi za kusema ukweli mbele ya wenzangu zingetosha. Sikuwa nakosa akili wala kipaji. Nilikosa trela ile ya Miramar: fasi ambayo mtu anasimama na kusema "nilikosea hivi", na anayemsikiliza anaandika badala ya kucheka. Huku kwetu tunajua kutetea kazi mbele ya jury; tunajua kusimama na suti na kupigana mpaka pointi ya mwisho. Kusema kosa letu wenyewe, nani alitufundisha?

Lazima niongeze neno moja, maana nisipoliongeza nitakuwa nimemwonea Tony Scott peke yake. Wenye kuisifu shule hii katika vitabu nao wana makofi yao. Wanapenda namba: mbele ya shule, Phantom na wenzake wa majini waliangusha kama MiG mbili kwa kupoteza ndege moja, mwaka 1972, kama 12 kwa moja. Namba ile ina uzito, lakini ni ya vita vichache, silaha nazo zilikuwa zimerekebishwa, na Wavietnamu wana hesabu yao tofauti. Upande wao pia kulikuwa wanafunzi. Nguyen Van Bay, mtoto wa wakulima mwenye alisoma shule miaka michache tu, aliruka MiG-17, na nchi yake inamhesabia ndege 7. Na baada ya namba zote zile, Saigon ilianguka tarehe 30 Aprili 1975. Shule ilirekebisha vizuri sana namna ya kupigana. Maswali matano ya Ault yalikwenda kutoka kiwandani mpaka kwenye kiti cha rubani. Swali la sita, vita vyenyewe ni vya nini na nani yuko chini ya mabomu, halikuwa kwenye karatasi. Siye wa mashariki ya Kongo, wenye tunajua sauti ya ndege ya vita tukiwa chini, hatuwezi kuangalia historia hii kama mashabiki wa mpira. Tunaweza kuchukua njia yao ya kujifunza bila kuchukua vita vyao.

Wadogo zangu, muziangalie filme zile. Muzifurahie, muziki ni mzuri, ndege ni za kweli. Lakini Maverick akikitupa kitabu, mukumbuke wale tisa katika trela ya kuokota, wenye waliandika vitabu vipya usiku kusudi mwenye kuja nyuma yao asife kwa kosa lenye linajulikana.

Nimepeleka ombi kwa kamati yetu: Jumamosi moja kwa mwezi, kabla ya filme yoyote, mmoja wetu mwenye yuko kazini ao katika staji asimame aeleze kosa moja alilofanya, hatua kwa hatua, na mwingine aandike katika daftari la chama. Hakuna kupiga makofi, hakuna kucheka. Nimeomba nianze mimi, na jenereta ile. Na mdogo yule wa mkono na shingo, mwenye najua anasoma ukurasa huu: kosa lilikuwa langu mbele ya kuwa lako. Papa fundi aliniuliza, nami nikasema hapana. Unisamehe.